Kibali cha Siku Tatu

Niliwahi kuufungia msiba geti. Naanza na hilo ili msije mkasema bibi alizungukazunguka na habari za mabomba mpaka mkasinzia. Mabomba nitayasema, maana wengi wenu mmeajiriwa juzi kusimamia haya maghorofa mapya ya Morogoro na hamjui hata koki ya tanki inafungwa upande upi. Lakini kazi hii haikunishinda kwenye mabomba. Ilinishinda getini.

Jengo letu lilikuwa la ghorofa nne, nyumba kumi na sita, chini ya mlima, upande ule ambao asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye kamba za nguo. Kila nyumba ilikuwa na mwenyewe na hati yake. Ngazi, ua, tanki na geti vilikuwa vya wote, ndiyo maana wenye nyumba wakachagua kamati. Kitu cha wote kisipokuwa na kamati kinakuwa cha mwenye sauti kubwa. Mimi niliingia pale kama mfagizi nikaishia msimamizi, funguo zote kiunoni. Shule yangu ni darasa la nne, huko juu ya Mkuyuni, na la nne lenyewe sikulimaliza vizuri kwa sababu ya kushusha mikungu ya ndizi za watu sokoni. Nasoma polepole, lakini nasoma.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Maganga, aliyekuwa msimamizi kabla yangu. Alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wangu, na hakunihurumia hata siku moja. Siku ya kwanza nilianza kudeki ngazi kutoka chini kwenda juu. Nilipofika ghorofa ya tatu nikageuka, nikaona maji machafu yote yamenifuata nyuma yanashuka.

"Wewe Mluguru," akasema, "umezaliwa kwenye mteremko, hujui kwamba maji yanashuka?"

"Na wewe Mnyamwezi," nikamjibu, "umetembea kwa miguu toka Tabora kuja kunifundisha kushika dekio?"

"Nimetembea ndiyo. Na nimekukuta bado unaanzia chini."

Anzeni juu. Na sabuni weka kidogo. Mimi niliwahi kumwaga sabuni ya kutosha arusi kwenye marumaru, katibu wa kamati akatoka na mkoba wake anawahi ofisini, akashuka kutoka ghorofa ya pili hadi ya kwanza akiwa amekaa. Hakuachia mkoba. Aliposimama akaenda kuandika kanuni mpya: ngazi zidekiwe kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Huyo ndiye alikuwa katibu wetu. Jambo likimpata, analiandikia kanuni.

Maji yana elimu yake. Shika bomba kwa kiganja: lenye maji ni baridi, lenye upepo ni vuguvugu. Tazama mlima kila jioni kabla ya kwenda nyumbani. Ukiona umevaa wingu zito, jaza tanki siku hiyo hiyo, maana mvua ikinyesha huko juu, kesho bomba litaleta maji ya rangi ya chai ya maziwa, na watu kumi na sita watakuita wewe kana kwamba ni wewe uliyeinyesha. Mafuta ya kupikia yanaziba bomba la jikoni kuliko uchafu wowote. Ukiambiwa "mimi simwagi mafuta," mwambie "ndiyo," kisha fungua chemba ya maji machafu mbele yake.

Mzee Maganga alipostaafu alinipa shada la funguo, akanishika mkono akasema, "Usije ukadhani hizi ni zako. Umeshikishwa tu." Nikacheka, nikidhani ni utani mwingine.

Sasa niwaambie kuhusu kanuni. Kamati ilikuwa na kijitabu cha kanuni, na mimi kwa kuwa nasoma polepole nilikisoma kwa mwezi mzima mpaka nikakihifadhi. Wenye nyumba wasomi walikuwa wananiuliza mimi, "Mama Fidelia, eti kufuga kuku kwenye kibaraza ni kanuni ya ngapi?" Nami najibu bila kufungua kitabu. Msidhani sikujivuna. Mtu wa darasa la nne anaulizwa na mwenye shahada! Kanuni zikawa kama fimbo niliyoikata mwenyewe, naishika hata pasipo na nyoka.

Mojawapo ilisema hivi: hakuna kufunga turubai uani, hakuna kuwasha kuni juu ya matofali ya pevingi, hakuna mkusanyiko, isipokuwa kwa kibali cha kamati kilichoombwa siku tatu kabla. Ilitungwa baada ya sherehe moja ya kipaimara iliyovunja pevingi na kumwagia mafuta ya pilau maua ya watu. Siku kanuni ile inapitishwa, Mwenyekiti wetu, ambaye ni mhadhiri na mtu mpole, alinivuta pembeni. Akaniambia, "Mama Fidelia, hii ni ya sherehe. Msiba hauna siku tatu. Ukitokea msiba, nipigie simu, nitakubali papo hapo. Hata nikiwa safarini nipigie." Nikasema sawa. Namba yake ilikuwa ya kwanza kwenye simu yangu. Maneno hayo yalisemwa kwangu peke yangu, hayakuandikwa popote, na hapo ndipo nilipopata nafasi ya kufanya ubaya.

Ghorofa ya tatu alikaa nesi mmoja tuliyemwita Mama Upendo, mwenyeji wa Gairo. Alimleta mama yake mzazi kuishi naye, mwanamke mzee ambaye magoti yalikuwa yamekataa ngazi. Tangu alipopandishwa juu hakushuka tena kwa miguu yake. Alikuwa anakaa kibarazani asubuhi na ungo wa karanga kutoka kwao, anabangua. Na maganda anayaachia. Mimi chini nimeshafagia ua umeng'aa, maganda yananinyeshea kichwani.

"Bibi!" napiga kelele. "Mvua yako hiyo!"

"Si mvua, ni baraka!" anajibu kutoka juu. "Kwetu mtu akinyeshewa karanga anashukuru!"

"Basi nitupie karanga, siyo maganda!"

"Karanga zinataka meno, wewe mwanangu. Wewe meno yako yamebaki mangapi?"

Mwanzo tulicheka. Ila siku zilivyokwenda mimi nikaacha kucheka, yeye akaendelea. Siku moja mgongo ulikuwa unaniuma, katibu alikuwa amenisema kuhusu majani, maganda yakaanguka. Nikamfokea yule mzee maneno ambayo siyarudii hapa. Nilimwambia, kwa kifupi, kwamba kama kwao hawana adabu ya nyumba za ghorofa angebaki huko huko kwenye mashamba. Alikusanya ungo wake akaingia ndani.

Kwenye mkutano wa wenye nyumba uliofuata, Mama Upendo alisimama. Hakupandisha sauti. Alisema, "Msimamizi wetu ni mchapakazi, hilo nalikubali. Ila naomba aambiwe asimfokee mama yangu. Yule ni mgonjwa, na kwenye kibaraza kile ndipo dunia yake ilipobaki." Watu wote wakanigeukia. Mwenyekiti akaniuliza kama nimesikia, nikasema nimesikia. Niliona aibu, lakini aibu ile haikunifundisha kitu. Iligeuka kinyongo. Nikasema moyoni, huyu nesi atakuja kunihitaji.

Akanihitaji. Haukupita mwezi, Ijumaa moja alfajiri, yule bibi akafariki hospitali. Mama Upendo alirudi akiwa na sare yake ya kazi, akapita getini, hakuona mtu. Kufika saa tatu asubuhi wanawake walikuwa wameanza kuja: wauguzi wenzake, wa jumuiya, wa kikoba, watu wa Gairo wanaoishi mjini. Wamebeba mikeka kichwani, sufuria, ndoo za mchele. Vijana wamekuja na turubai kwenye bajaji ya mizigo. Mpango ulikuwa msiba ukae uani, Jumamosi mwili uagwe hapo, kisha usafirishwe Gairo.

Nilisimama mbele ya geti na funguo zangu.

"Kibali kiko wapi?" nikauliza.

Mama mmoja mnene aliyekuwa na jamvi akacheka, akidhani natania. "Kibali cha nini, dada? Tumefiwa."

"Kibali cha kamati. Turubai na moto ni kibali, siku tatu kabla."

Wakatazamana. Mama Upendo akaitwa, akashuka. Macho yamevimba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ngeni, "Mama Fidelia. Siku tatu kabla. Yaani Jumanne ningekuja kukuambia kwamba mama atakufa Ijumaa?"

"Kanuni hazikutungwa na mimi."

"Umempigia Mwenyekiti?"

Hapa ndipo. Mwenyekiti alikuwa Dodoma kikazi. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, naisikia inagusa paja. Kuibonyeza tu.

"Nimempigia," nikasema. "Amesema kanuni ni kanuni."

Alinitazama kidogo. Akasema, "Haya." Neno hilo tu. Akageuka kuwaangalia wale wanawake waliobeba mizigo juani.

Nyie vijana, mimi ni Mluguru. Kwetu milimani ukoo unapita kwa mama. Shamba ni la upande wa mama, jina ni la upande wa mama, na mtu aliyefiwa na mama yake anatazamwa kama nyumba iliyong'olewa nguzo ya kati. Najua hilo tangu nabebwa mgongoni. Hakuna aliyehitaji kunifundisha msiba wa mama ni kitu gani, na bado nilisimama pale.

Nikawafanyia "hisani." Nikasema wanaweza kupanda juu watanotano, waandike majina kwenye kitabu cha wageni. Nikakileta na kalamu yenye kamba. Wanawake waliotoka kulia wakapanga foleni kuandika jina, saa ya kuingia, nyumba wanayokwenda, sababu ya kuja. Wengine hawakujua kuandika, wakaandikiwa na wenzao. Nilikuja kukifungua baadaye kitabu kile. Ukurasa mzima, safu ya sababu, mwandiko tofauti tofauti: msiba, msiba, msiba, msiba.

Waliobaki nje walikaa ukingoni mwa mtaro, miguu imening'inia. Ng'ambo ya barabara alikuwepo Mwajuma muuza mkaa, mwenye uwanja uliozungushiwa mabati. Alikuwa anatazama tangu mwanzo. Mwishowe akavuka, khanga imefungwa kiunoni, akasimama mbele yangu.

"Mama Fidelia, unawaweka watu mtaroni?"

"Kuna utaratibu hapa."

"Utaratibu?" Akaita kwa sauti watu wote wasikie. "Jamani, wafiwa! Kwangu hakuna pevingi wala maua. Njooni mkae. Mtachafuka, ila mtakaa!"

Akasukuma magunia yake ya mkaa ukutani, wakafagia lakini mkaa haufagiliki ukaisha. Turubai likafungwa pale. Moto ukawashwa, na mkaa akautoa yeye. Mchana ule niliusikia wimbo wa kilio ukitoka ng'ambo, nami nimesimama kwenye ua wangu msafi usio na mtu.

Jumamosi gari la kuleta mwili lilitoka hospitali. Dereva hakuwa ameambiwa mabadiliko, akasimama kwenye geti letu, akapiga honi mara moja. Nilikuwa ndani, ufunguo mkononi. Nawaambia ukweli, wakati huo nilitaka kufungua. Mama Upendo alikuwa amekaa mbele karibu na dereva, majonzi yamemsahaulisha kumwelekeza. Alinitazama kupitia kioo. Hakuniomba tena. Nilimwona akionyesha kwa kidole upande wa pili, na gari likarudi nyuma.

Wakamuaga mama yao kwenye uwanja wa mkaa. Walipotoka kusindikiza jeneza, wanawake wote, waliovaa khanga zao nzuri na vitenge, walikuwa na alama nyeusi nyuma pale walipokalia. Mistari kwa mistari ya wanawake wakipita mbele ya jengo letu la marumaru, wamechafuka mkaa. Watu wa maghorofa walikuwa kwenye vibaraza wanaangalia. Mmoja akaniuliza kutoka juu, "Mama Fidelia, kwani hawakuweza kukaa uani?" Nikajifanya sijasikia.

Jumatatu nilifagia ua. Ulikuwa hauna ganda hata moja. Nilifagia hivyo hivyo.

Sasa njooni kwenye mkutano, maana huo ndio unaonichoma kuliko geti. Wiki chache baadaye wenye nyumba walikutana. Katibu akasimama akasema kuna jambo lilitokea, watu wamenung'unika, lakini msimamizi alifuata kanuni neno kwa neno bila kuogopa mtu, na ingekuwa vyema apongezwe. "Tumpigie makofi," akasema. Wachache wakapiga. Mama Upendo alikuwa amekaa safu ya pili, kichwa kimenyolewa. Naye akapiga makofi. Taratibu, mara tatu nne hivi, akinitazama usoni.

Mwenyekiti akaniuliza, "Mama Fidelia, una neno?"

Nilikuwa na neno. Lilikuwa limefika kooni. Nikasema, "Nashukuru." Nikakaa.

Baada ya hapo nilifanya kazi kwa miaka mingine. Nilikuwa mkali vilevile, ila nyumba ile ya ghorofa ya tatu niliidekia mlango mara mbili kila siku, kama mjinga. Mama Upendo alinisalimia kila asubuhi. Mwenyekiti naye aliniheshimu. Nikajiambia kwamba nesi anamchukia Mwenyekiti kwa sababu ya uongo wangu, na Mwenyekiti hajui. Nikajiambia, nikisema nitafukuzwa, na nina wajukuu wanne ndani. Mtu mwongo hakosi wajukuu wa kujifichia.

Wiki niliyokabidhi funguo nilipanda ngazi zile, safari hii bila ndoo. Nikagonga. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaniwekea chai. Sikuigusa. Nikasema yote bila kupumua: sikumpigia Mwenyekiti, Mwenyekiti hakukataa, ni mimi, kwa kinyongo cha maganda ya karanga.

Alikoroga chai yake.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mwenyekiti alikuja Jumamosi ile ile kutoka Dodoma, akatukuta kwa Mwajuma. Nikamuuliza kwa nini ametukatalia. Akatoa simu akanionyesha. Hukuwa umempigia."

Nilishika ukingo wa meza.

"Alitaka kukufukuza siku hiyo hiyo. Mimi nikamwambia mwache, ana wajukuu. Mama angesema hivyo. Mama alikuwa anakupenda, ujue. Alikuwa anasema, yule wa chini ana ulimi kama wangu. Tukakubaliana tukupe nafasi useme mwenyewe kwenye mkutano." Akanywa. "Nilipiga makofi ili usimame. Mwenyekiti akakuuliza una neno. Tukangoja."

Nikaanza kupiga magoti, akanizuia kwa mkono, si kwa upole sana.

"Usinipigie magoti ndani humu, hakuna anayeona. Ile kanuni bado imo kitabuni. Katibu anaipenda. Kesho kutwa atafiwa mwingine, na getini atakuwepo binti mgeni asiyejua alichoambiwa na Mwenyekiti. Kama una neno, lipeleke ulipolinyimia."

Nikaenda. Mkutano ulikuwa Jumapili baada ya misa, mimi si mfanyakazi tena wala si mwenye nyumba, nikaomba nafasi kama mtu baki. Nilisema mbele ya wote, na mbele ya msimamizi mpya, binti mwenye cheti. Nilitaja geti, simu, kitabu cha wageni, na lile neno "nashukuru." Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema "Lo!" Katibu, Mungu amsaidie, akapendekeza kwamba basi kwa misiba iwe siku moja kabla. Hata waliokuwa wamekasirika walicheka. Kanuni ikafutwa upande wa misiba, na maneno ya Mwenyekiti yakaandikwa kitabuni ili yasikae tena mfukoni mwa mtu mmoja.

Kwa hiyo nyie mnaoshika funguo sasa, mkiambiwa jambo la huruma kwa mdomo, kaombeni liandikwe. Msiliache likae kwenu peke yenu. Hamjijui mtakuwaje siku mtu aliyewaudhi atakaposimama mbele ya geti analia.

Watu walipotawanyika nilibaki kwenye kiti cha nyuma. Nilikuwa nimeshavuka kwa Mwajuma asubuhi kumwomba radhi, akanicheka, akanifungia mkaa wa bure kwenye mfuko, na mfuko ule ulikuwa miguuni pangu. Mama Upendo akaja akipita kati ya viti. Aliponifikia akainama kidogo kama binti aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama."

Nimeitikia salamu hiyo maisha yangu yote bila kufikiri, kwa kuwa nimezeeka na ni haki yangu. Siku ile nilitazama mikono yangu kwanza. Ndipo nikasema marahaba, kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyetumwa chumvi akarudi mikono mitupu.